Leta ya Zamani Kwanza

Kwa miaka sita nilikaa nyuma ya dirisha lenye nondo nikiwapa wanaume vitu vya chuma. Nilikuwa mtunza ghala, magazinieri kwa lugha ya huku, na sikuwahi kuona aibu kwa kazi hiyo. Karakana yenyewe iko pembeni mwa Kolwezi, kwenye barabara ambayo malori ya madini hupita mchana kutwa na kutuachia vumbi jekundu kwenye chai, kwenye nywele na ndani ya rejista. Ilitengeneza pampu za maji, winchi na mashine za kuponda mawe, za watu wenye machimbo madogo ambao hawana karakana yao. Mume wangu alikuwa fundi mkuu wa pampu hapo hapo. Yeye aliingia miaka mingi kabla yangu. Mimi niliitwa baada ya mtunza ghala wa zamani kufukuzwa.

Alifukuzwa kwa sababu vitu vyetu vilikuwa vinatembea mpaka sokoni bila miguu. Shefu, mkubwa wetu, mwanaume mfupi ambaye havui kofia ya usalama hata akiwa ofisini, alikwenda sokoni kununua samaki akakuta beringi zake mwenyewe zimepangwa juu ya gunia, zingali na karatasi zake za mafuta. Alirudi bila samaki. Siku hiyo hiyo alitunga sheria, akaiandika kwa chokaa juu ya dirisha la ghala: LETA YA ZAMANI KWANZA. Ukitaka beringi mpya, leta iliyokufa. Ukitaka bolti, leta iliyokatika. Ukitaka sirklipsi, leta sirklipsi.

Asiyejua sirklipsi nimweleze, maana hata mimi sikuijua. Ni pete ya chuma isiyofunga duara. Ina mwanya, na kwenye ncha zake mbili ina masikio yenye matundu madogo, ambamo koleo lake huingiza meno na kuipanua. Pete hiyo hukaa ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa kuizunguka shafti, na kazi yake ni moja tu: kukizuia kilicho nyuma yake kisitoke. Puli, gia na beringi huzunguka kwa fujo kubwa, na kinachovizuia visichomoke ni kitu ambacho ukikiona kimeanguka kwenye mchanga unaweza usiiname kukiokota.

Haya alinifundisha mume wangu juu ya meza ya kulia, wiki ile nilipopewa kazi. Alileta pete tatu zilizokufa na kipande cha shafti ndani ya mfuko wa plastiki, akasogeza sahani. Alinionyesha kuwa pete ina nyuso mbili. Upande mmoja kingo zake ni laini, upande wa pili ni kali mpaka zinakwaruza ukucha. Ule laini unalala juu ya puli, ule mkali unatazama nje. Kisha akapanua pete, akaitelezesha, akaiachia kwenye mfereji.

"Usikie," akasema. "Ikisema tak, iko ndani. Ikinyamaza, inakubeya."

Yaani inakudanganya. Alinifanyisha jambo lile mpaka watoto wakachoka kusubiri chakula. Na kilichomkera kuliko vyote ni waya. Kuna mafundi ambao wakikosa sirklipsi huzungusha waya kwenye mfereji, wanausokota kwa koleo na kumrudishia mwenye mashine huku wakitabasamu. Yeye alikuwa akiukata waya wa namna hiyo kila alipoukuta, mbele za watu, na kusema waya ni wa kufungia kuku.

Shefu alinichagua kwa sababu zake. Nilikuwa na diploma ya biashara iliyokaa kabatini tangu nilipoolewa, niliimba kwaya, na sikuwa na ndugu mwenye meza sokoni. Lakini nilikuwa mke wa fundi, na siku ya kwanza tu nilimsikia mmoja nyuma ya dirisha akisema, "Sasa ule tata eko na magazini mu chumba yake ya kulala." Yaani yule baba ana ghala chumbani kwake. Walicheka. Mume wangu naye alicheka, yeye ni mtu wa kucheka. Mimi sikucheka. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, baba yangu alizaliwa hapa, mimi nilizaliwa hapa, na bado nyumbani tulilelewa tukiambiwa sisi ni watu wa kuja, tusimpe mtu sababu ya kutunyooshea kidole. Mume wangu ni wa kaskazini mwa Katanga. Yeye hana ugonjwa huo. Akikosea anasema nimekosea, anaendelea kula.

Kwa hiyo nilikuwa mkali kwake kuliko kwa wengine. Akisahau kutia sahihi, nilimwita arudi kutoka mlangoni. Akichelewesha chombo, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye karatasi niliyobandika ukutani. Yeye alilifanya jambo la mchezo. Alikuwa akivua kofia mbele ya dirisha na kuniita "madame", kama mtu aliyekuja benki. Baada ya mwaka mmoja yule aliyesema habari ya chumba cha kulala alikuja mwenyewe kuniambia kwamba mimi ni mwanamke wa haki. Nilijivuna kwa maneno hayo muda mrefu. Nayaandika ili ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani.

Siku yenyewe ilikuwa ya wakati wa mvua. Pampu ililetwa kutoka shimo moja dogo upande wa Mashamba. Maji yalikuwa yanapanda kule, na watu wa shimo walikaa ndani ya lori lao uani wakisubiri, wanakula mahindi ya kuchoma na kutupa magunzi dirishani. Mume wangu alikuwa amemaliza kazi ngumu yote. Ilibaki kuivua puli, kusafisha mahali pake, kuirudisha. Alipoipanua sirklipsi kuitoa, ikaruka. Pete hizi zina tabia hiyo, ndiyo maana fundi huifunika kwa kiganja anapoitoa, na yeye aliifunika, lakini mkono ulikuwa na grisi. Ikapita katikati ya vidole, ikaingia kwenye mtaro ambao maji, mafuta na unga wa chuma hukusanyika. Alifunga sumaku kwenye kamba akavua mtaro mzima. Zilitoka bolti, zikatoka misumari, kikatoka kijiko cha mtu. Pete haikutoka.

Alikuja dirishani kama saa nne asubuhi. Mbele yake kulikuwa na mchomeleaji na mtu wa matairi, na nyuma yake dereva mmoja. Mimi nilikuwa na sanduku jipya la sirklipsi lililofika juzi yake, liko wazi karibu na kiwiko changu, ninazipanga kwa kipimo na kuzifunga kwa kamba. Alipofikia zamu yake akavua kofia.

"Madame, naomba sirklipsi moja ya trente-cinq."

Yaani thelathini na tano, kipimo cha shafti. Zilikuwa mkononi mwangu wakati ule.

"Ya zamani iko wapi?"

"Iliruka mu mutaro. Nilitafuta na sumaku mpaka nilichoka. Haiko."

Mchomeleaji, ambaye alikuwa amekwisha kuhudumiwa lakini hakuondoka, akamgeukia mtu wa matairi. "Leo tutaona kama sheria iko ya bantu bote," akasema, yaani ya watu wote. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetazama mpira.

Niliyasikia maneno yale shingoni. Nikaweka zile pete ndani ya sanduku.

"Tafuta tena, tata," nikasema. "Leta ya zamani kwanza."

Mume wangu alinitazama. Nilidhani atabishana, nilikuwa nimeshaandaa jibu. Akasema, "Sawa, madame," akavaa kofia, akaenda. Mtu wa matairi akatikisa kichwa kwa heshima. Nikamuuliza dereva anataka nini.

Karibu na saa sita nikasikia pampu imewashwa mahali pa kujaribia. Ilinguruma vizuri. Nakumbuka nilifikiri, basi ameipata. Kisha mkanda ukapiga kelele, kikafuata kishindo kama cha sufuria kubwa iliyoangushwa, na mashine zote za karakana zikazimwa moja baada ya nyingine. Nilikuwa naandika kwenye rejista. Nilimalizia neno, nikaweka nukta, ndipo nikainuka. Nimejaribu kujielezea nukta ile nikashindwa.

Alikuwa ametumia waya. Alikata waya wa tairi bovu, akauzungusha mara mbili kwenye mfereji na kuusokota, yeye, mtu wa kukata waya za wenzake. Watu wa lori walikuwa wamepiga honi mara tatu, na shefu alikuwa ametoka kumwambia afanye haraka. Waya ulishika dakika chache, ukakatika, puli ikatembea mpaka mwisho wa shafti na kuchomoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya chuma cha pampu. Mafundi huweka mkono hivyo ili wasikie mtetemo, kama mama anavyogusa paji la mtoto. Mkanda uliuvuta. Alipoteza vidole viwili, cha shahada na cha kati. Vilivyobaki havisikii kitu, si moto, si baridi, si ncha ya sindano.

Hospitali sitaisimulia. Walifanya kazi yao. Nilikaa kwenye benchi na wifi yangu, dada yake mkubwa, aliyelia kwa niaba ya familia nzima. Mimi sikulia. Nilimpigia jirani simu awape watoto chakula, nikamkumbusha kuwa gesi inavuja kwenye koki. Jioni nilikwenda nyumbani nikapika bukari, ugali wetu, nikala, nikaona ina chumvi kidogo, maana niliitia chumvi, jambo ambalo mtu wa kwetu hafanyi. Watoto waliila wakaomba maji. Niliendelea hivyo siku nyingi. Nilikuwa kama mkono ulioulalia usiku: unauona ni wako, unauinua kwa mkono mwingine, unaanguka.

Wiki tatu baadaye shefu alituita ofisini, sisi wawili. Alikuwa na karatasi ya ripoti na kalamu. Mume wangu aliketi na mkono umefungwa kifuani. Shefu hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza anaendeleaje, akamuuliza watoto, kisha akauliza alichopaswa kuuliza.

"Tata, uliomba sirklipsi ku magazini?"

Mume wangu alitazama kalenda iliyokuwa ukutani.

"Sikuombaka, shefu. Nilikuwa mbio. Nilisema waya itashika."

Shefu akanigeukia. "Mama, ni vile?"

"Ni vile," nikasema.

Ilichukua muda mfupi kuliko kumpa mtu bolti. Shefu akaandika kwamba fundi alitumia waya kwa kichwa chake, bila kuomba kipuri, na kwamba kosa ni lake. Kwa sentensi hiyo mume wangu alipoteza kazi, na alipoteza haki ya mtu aliyeumia kazini. Tulitia sahihi wote wawili, yeye kwa mkono wa kushoto, herufi zinaangukiana. Wale waliokuwa dirishani siku ile hawakuitwa. Mchomeleaji alipokutana nami uani aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa karakana wote walilijua na ambalo wewe msomaji bado sijakuambia. Sheria ya shefu ilikuwa na mlango wake. Shefu si mjinga, alijua kwamba vitu vidogo hupotea. Kwenye droo yangu kulikuwa na daftari la karatasi za kupotea. Fundi akisema kitu kimepotea, mimi naandika ni kitu gani, kimepotelea wapi, yeye anatia sahihi, mimi natia sahihi, anapewa kipya. Basi. Wiki ile ile nilikuwa nimemwandikia mtu wa matairi karatasi kama hiyo kwa sababu ya nati mbili. Daftari lilikuwa umbali wa kiganja kutoka kwenye sanduku. Sikulifungua kwa sababu mchomeleaji alikuwa anatazama. Ndiyo maana swali la shefu lilikuwa na uzito. Mume wangu angesema aliomba, swali la pili lingekuwa kwa nini hakuandikiwa karatasi, na mimi ndiye ningeondoka.

Kwa hiyo mimi nilibaki kazini na yeye akabaki nyumbani. Asubuhi nilimfunga vifungo vya shati kabla sijatoka. Alijifunza kunyoa ndevu kwa kushoto, akawa anajikata, akawa hajikati. Hakunisema hata mara moja. Nilisubiri anitajie jambo lile akiwa na hasira, kwa sababu ya chakula, kwa sababu ya mtoto, kwa sababu yoyote, nami nilijua kabisa nitakavyoanguka. Hakunipa nafasi hiyo. Aliniuliza pampu gani zimeingia, nani anazitengeneza sasa, kama wanazisikiliza.

Baada ya miezi kadhaa akaanza kutafuta kazi. Hakutaka kazi ya mikono miwili, alijua. Alitaka kusimamia vijana wa pampu, kuwaonyesha. Alikwenda karakana zote za Kolwezi, akapanda gari mpaka Tenke, ambako rafiki yake alimwambia wanatafuta msimamizi. Alirudi mapema mno. Siku za kwanza alisema tu kwamba wamesema wataita.

Nilijua kilichokuwa kikimpata Jumamosi moja nilipokwenda naye. Alikuwa na miadi kwenye karakana ya upande wa pili wa mji, na mimi nilitaka kununua mafuta ya kupikia njia ile ile. Nilisimama pembeni kidogo na kidumu changu cha plastiki. Mlinzi wa getini alisoma barua yake, akatazama mkono, akatazama barua tena. Akacheka kwa namna ya mtu aliyepata bahati.

"Aa! Njo wee ule tata wa waya?"

Yaani, ndiye wewe yule baba wa waya; habari ilikuwa imemtangulia. Akawaita wenzake waje wamwone. Mmoja akasema kumbe ni mtu mzima, yeye alidhani ni kijana. Hawakuwa wakatili. Walimpa kiti, wakampa maji. Mume wangu alikunywa maji, akarudisha kikombe, akasema asante. Msimamizi wa pale alitoka akamwambia kwa adabu kwamba mtu ambaye haombi kipuri hawezi kuwafundisha wengine kuomba. Mume wangu akasema, "Ni kweli." Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani alinisaidia kubeba mafuta kwa mkono wa kushoto, akaniambia pale wanatumia grisi ya bei rahisi, ameiona.

Ningependa kusema kwamba moyo uliniuma. Haukuniuma. Nilitembea nikihesabu hatua zake na zangu. Lakini nilijua kwamba siwezi kuendelea, kama unavyojua kwamba chumvi imekwisha nyumbani: huhisi kitu, unajua tu.

Jumapili alasiri, tumetoka kanisani, watoto wakiwa kwa wifi yangu, nilikuwa namvua viatu. Nikamwambia nikiwa chini pale pale, bila kuinua kichwa.

"Daftari ya kupotea ilikuwa mu droo. Ningekuandikia."

"Najua," akasema.

"Na sirklipsi zilikuwa hapo. Ya trente-cinq nilikuwa nayo mu mukono."

"Nilibiona, mama. Nilibiona byote."

"Sasa juu ya nini haukuniambia? Juu ya nini haukusema, niandikie?"

Aliutazama mguu wake. Kiatu kimoja kilikuwa bado mguuni.

"Bale bantu balikuwa banakuangalia. Nilisema, nikikuomba karatasi utaniandikia, nakujua, na bale batakucheka mwaka muzima. Nikasema niende." Kisha akaongeza, "Na waya iko yangu. Hakuna mutu alinituma kuweka waya. Usijibebeshe na hiyo."

"Kesho nitaenda kwa shefu."

"Batakutosha ku kazi." Yaani watanifukuza.

"Batoshe."

Hakunikataza. Alinipa mguu wa pili.

Jumatatu nilifungua ghala kama kawaida, nikawahudumia waliokuwepo, nikafunga dirisha, nikaenda ofisini. Shefu alikuwa anakula mkate. Nilisema kila kitu nikiwa nimesimama. Nilisema mume wangu aliomba, saa nne, mbele ya watu watatu, nikawataja. Nilisema pete zilikuwepo. Nilisema daftari lilikuwepo. Shefu aliweka mkate chini akafuta vidole, akatoa ripoti kabatini.

"Mama, wee haujakosa kuandika ile karatasi hata siku moja. Juu ya nini ulimunyima?"

"Juu eko bwana yangu." Yaani, kwa sababu ni mume wangu.

Alinitazama muda. Nadhani alitegemea nitasema nilisahau, na alikuwa tayari kunikubalia. Kwenye jicho lake kulikuwa na njia hiyo, imefunguliwa kwa ajili yangu.

"Na kama angekuwa mwingine?"

"Ningemupa."

Akaandika. Aliandika polepole, kwa Kifaransa, akanisomea. Aliita mchomeleaji na mtu wa matairi, nao wakasema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa, wakatia sahihi bila kunitazama. Mchomeleaji alitaka kusema neno, akaanza, akakohoa, akaacha. Shefu alipiga muhuri. Akaniambia kosa la ripoti ya kwanza litaondolewa, faili la mume wangu litapelekwa upya kama la mtu aliyeumia kazini, na kwamba mimi nitamaliza mwezi, kisha nimkabidhi mtu mwingine funguo. Nikasema sawa. Nilirudi dirishani nikafungua. Mtu alitaka bolti nane, na alikuwa na nane za zamani.

Jioni nilimpa mume wangu nakala. Alikuwa ameketi mezani, watoto wakisubiri chakula, mimi nimesimama na sufuria ya bukari na mwiko. Aliishika karatasi kwa kushoto, akaikaza kwa kile kiganja kisichosikia, akasoma kwa kunong'ona kama anavyosoma kitabu cha pampu, kila neno. Alipofika mahali fulani akarudi nyuma, akasoma tena. Niliona midomo yake ikitamka kwamba fundi aliomba. Alirudia hapo mara mbili. Kisha akaendelea, na paji lake likakunjana.

"Hapa banakosea," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Banaandika nilienda kuomba, na bibi yangu akanikatalia." Aliweka kidole gumba juu ya neno mke. "Hapana. Balipashwa kuandika magazinieri. Mi nilienda kuomba ku magazini." Alisema bila hasira, kama fundi anayesahihisha kipimo. "Bibi yangu angenipa."

Niliweka sufuria chini sakafuni, kwa sababu sikuiona meza, nikalia kwa sauti mbele ya watoto.